Mkono mmoja haulei mwana: Wakufunzi wa afya na ustawi wa jamii wajifunze pamoja



Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga wakati wa mavuno huona mambo ya kumfurahisha. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, huwa umejaa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Huko Laela magunia hupangwa yakingoja malori. Tangu miaka ya 1980 Mkoa wa Rukwa umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa inayolisha Taifa. Mkulima wa Ufipa ni hodari, wala hakuna mwenye haki ya kumfundisha maana ya kazi.

Lakini katika nyumba za mkulima huyo huyo kuna jambo la kuhuzunisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha asilimia 56 kwa Rukwa, kwa hiyo hapana budi kukiri kwamba hatua imepigwa. Hata hivyo, mkoa ambao karibu nusu ya watoto wake wadogo wamedumaa hauwezi kujivunia ghala zake kwa moyo mweupe.

Kudumaa si ufupi wa nasaba. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye mwili wake umekosa mahitaji yake kwa muda mrefu, hasa tangu mimba inapotungwa hadi atimizapo miaka 2. Katika kipindi hicho ubongo nao hujengwa. Kinachopotea hapo ni vigumu sana kukirudisha baadaye, hata mtoto akilishwa vizuri akiwa shuleni. Ndiyo maana jambo hili si la waganga peke yao. Mwalimu wa darasa la kwanza wa Matai au Namanyere hupokea kila mwaka hasara iliyokwisha kutendeka kabla mtoto hajashika kalamu.

Swali linalofuata ni hili: yawezekanaje ghala ijae na mtoto adumae? Jibu moja halipo. Ugali wa mahindi hujaza tumbo bila kuujenga mwili wa mtoto mchanga. Maharage na karanga huuzwa, na samaki wa maziwa mawili hupelekwa masoko ya mbali. Mama hufanya kazi ya shamba na ya nyumba tangu alfajiri, hata akiwa mjamzito. Maji machafu huleta kuhara, nako kuhara huondoa kile kidogo kilicholiwa. Wasichana huzaa kabla miili yao haijakomaa. Fedha ya mavuno mara nyingi hukaa katika mfuko wa baba. Katika orodha hiyo kuna kazi ya mganga, muuguzi, bwana afya, bwana shamba, afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii na mwalimu. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kuimaliza peke yake.

Chukueni mfano wa mtoto mmoja. Mtoto huyu si wa mtu fulani, bali ni mfano unaofanana na wengi. Amezaliwa katika kijiji cha Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Mbizi, naye ana umri wa miezi 14. Ameharisha kwa siku 3 na mama yake amempeleka zahanati. Mganga anampa dawa ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, na mtoto anapona. Kazi ya mganga imekwisha, tena imefanyika vema. Mwezi unaofuata muuguzi anampima uzito, anaona kwamba mstari katika kadi haukupanda, anamshauri mama ampe mtoto chakula cha mchanganyiko. Kazi ya muuguzi nayo imekwisha. Bwana afya anapita, anahesabu vyoo na kuandika taarifa. Bwana shamba anamsifu baba kwa kutumia mbegu bora. Afisa ustawi wa jamii hajafika, kwa sababu hakuna shauri lililopelekwa ofisini kwake. Miaka 6 baadaye mwalimu anaandika katika taarifa ya mtoto huyo kwamba ni mzito wa kuelewa.

Watumishi hao wote wametimiza wajibu wao kama walivyofundishwa. Lakini hakuna aliyepata kujua kwamba mama wa mtoto ana miaka 17 na aliacha shule kwa sababu ya mimba. Hakuna aliyejua kwamba anaposhinda shambani mtoto huachwa na msichana mwenye miaka 7, ambaye humpa uji mwepesi uliopikwa asubuhi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeamua maharage yote yauzwe. Kila mmoja aliona kipande chake. Mtoto mzima hakuonwa na mtu.

Ndugu wakufunzi, kosa hilo halikuanza zahanati. Lilianza chuoni. Mwanafunzi wa uuguzi husoma katika chuo chake, kwa mtaala wake na mtihani wake. Mwanafunzi wa utabibu husoma kwingine. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii husoma mbali zaidi, na mwalimu mtarajiwa husoma katika chuo cha ualimu ambako mganga huitwa tu mwanachuo anapougua. Watu hawa hukutana kwa mara ya kwanza kazini, kila mmoja akiwa tayari na cheo, lugha ya fani yake na dharau kidogo kwa fani ya mwenzake. Kisha huletwa waraka unaowataka washirikiane. Ushirikiano ambao mtu hakuuona kwa mwalimu wake ataupata wapi?

Utengano huu una historia. Utawala wa kikoloni ulijenga huduma zake kwa vipande, kila kipande kwa haja ya wakati huo. Huduma ya ustawi wa jamii katika Tanganyika ilianza kupata umbo baada ya Vita Kuu ya Pili, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa askari waliorudi kutoka vitani, wala si mtoto wa kijijini. Afya ilikuwa idara nyingine na elimu nyingine. Baada ya Uhuru Taifa lilijenga vyuo vyake lenyewe, kikiwamo Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kuta kati ya fani na fani zilibaki. Hata mwaka 2022, wizara moja iliyokuwa imebeba afya pamoja na maendeleo ya jamii ilipogawanywa kuwa mbili, mganga na afisa ustawi wa jamii waliendelea kufanya kazi chini ya halmashauri ile ile, kwa mwananchi yule yule, huku miongozo ya fani zao ikitoka katika nyumba mbili.

Wazo la kuvunja kuta hizo si geni duniani. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba afya ya msingi haiwezi kuwa kazi ya sekta ya afya peke yake. Mwaka 1986 chuo kikuu cha Linköping nchini Sweden kilianza kuwaweka wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fani nyingine katika masomo ya pamoja tangu siku zao za mwanzo. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wataalamu iliyohimiza watu wa fani mbalimbali wajifunze pamoja ili wafanye kazi pamoja, na mwaka 2010 likatoa mwongozo wa utekelezaji. Maana yake iliyokubaliwa ni nyepesi kueleza: watu wa fani mbili au zaidi hujifunza wakiwa pamoja, hujifunza kutoka kwa wenzao, na hujifunza juu ya kazi za wenzao. Masharti yote matatu yanahitajika. Kuwaketisha wauguzi na maafisa ustawi katika ukumbi mmoja wakasikiliza mhadhara mmoja ni kutimiza sharti la kwanza tu.

Lakini kwa nini sharti lianze kwa wakufunzi badala ya wanafunzi? Kwa sababu mwanafunzi husoma mambo mawili kwa mpigo: somo lililoko ubaoni na mwenendo wa anayelifundisha. Mkufunzi wa utabibu akisema kwa mdomo kwamba muuguzi ni mwenzake wa kazi, kisha hajapata hata mara moja kumuuliza mkufunzi wa uuguzi maoni yake, mwanafunzi hushika lile la pili. Tena mkufunzi mmoja hupitisha mikononi mwake mamia ya watumishi. Kasoro yake huenea nao hadi Kasanga, Kirando na Mtowisa. Na uongofu wake huenea vivyo hivyo.

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawakuwa wageni wa jambo hili. Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alikombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa uganga kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliishi na kufanya kazi hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mganga na katekista, maana yake mtu aliyetibu na kufundisha katika nyumba zile zile kwa zaidi ya miaka 60. Hospitali moja mjini Sumbawanga inabeba jina lake. Katika siku zake mtu mmoja aliweza kuzijua pande zote za maisha ya jirani yake. Leo maarifa yamekuwa mengi na hayawezi kubebwa na kichwa kimoja. Kile alichokibeba Atiman peke yake hapana budi kibebwe na kundi, na kundi huundwa kwa mafunzo.

Nchi hii imekwisha kuunda makundi ya namna hiyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Rukwa kuwa mkoa na wakati Sumbawanga ingali katika Mkoa wa Mbeya, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliungana na wizara, Chama na Radio Tanzania. Kwa majuma 12 wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Siri yake haikuwa redio tu. Wale waliowafunza viongozi wa vikundi walikuwa watu wa elimu, afya na maendeleo vijijini waliojifunza kwanza kwa pamoja. Bwana afya alijifunza namna ya kuongoza majadiliano kutoka kwa mwalimu wa watu wazima, na mwalimu akajifunza habari za safura na kichocho kutoka kwa bwana afya.

Baadaye, kuanzia mwishoni mwa 1983, ulikuja mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi michache, na matokeo hayakufichwa katika faili la zahanati, bali yalizungumzwa na serikali ya kijiji. Wanakijiji na wataalamu wa afya, kilimo, elimu na maendeleo walitathmini hali, wakachambua sababu, wakatenda, kisha wakatathmini tena. Katika miaka ile mitano ya kwanza utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini katika utafiti wa 2022 Iringa yenyewe ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa cha udumavu kuliko mikoa yote, asilimia 56.9. Ni kweli kwamba miaka ile kilichopimwa zaidi ni uzito na sasa ni kimo, kwa hiyo hesabu hizo hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo, kiongozi mwangalifu hatalipita funzo lake. Kampeni huja na kuondoka. Mpango una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa. Watumishi waliojifunza kushirikiana huhamishwa, hustaafu, hufariki, na wanaowafuata hutoka katika vyuo ambavyo havikubadilika. Maarifa ya ushirikiano yasipowekwa chuoni, kila kizazi kitalazimika kuyatafuta upya, kikingoja mfadhili.

Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mikataba ya lishe, na mwaka 2022 ikatiwa saini mingine mbele ya Rais. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hayo ni mambo mema. Lakini mkataba hauwezi kumfundisha mtu, na mhudumu wa kijijini atakuwa jumuishi kwa jina tu ikiwa wanaomfundisha hawazungumzi.

Basi yafaa nini kifanyike Sumbawanga? Mji una Chuo cha Ualimu, una mafunzo ya uuguzi na una hospitali ya rufaa ya mkoa. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao ni wakufunzi, maana hupokea na kusimamia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mwendo mfupi. Kinachokosekana si jengo.

Jambo la kwanza ni wakufunzi hao kukutana mara moja kwa mwezi, wakiweka mezani habari ya familia moja bila kutaja jina lake. Kila mmoja aeleze angeona nini, angefanya nini, na angehitaji kumuuliza nani. Iwepo kanuni ya kwamba mwenye cheo cha chini ndiye anayeanza kusema na mwenye cheo cha juu humaliza. Mganga akianza, wengine huitikia tu. Uongozi wa kikao nao uzunguke: mwezi huu muuguzi, mwezi ujao mwalimu, unaofuata afisa ustawi.

Jambo la pili ni kuingia katika madarasa ya wenzao. Mkufunzi wa ualimu akikaa nyuma ya darasa la uuguzi kwa kipindi kimoja, atajifunza habari za lishe ya mtoto, na mwenyeji wake atajifunza mbinu za kufundisha. Wakufunzi wengi wa afya waliajiriwa kwa sababu ya umahiri wao wodini. Kituo cha Arusha cha kuwaandaa wakufunzi wa vyuo vya afya kimefanya kazi kubwa kuziba pengo hilo, lakini Arusha ni mbali na Ufipa, na jirani mwenye ujuzi wa kufundisha yuko hapo hapo mjini.

Jambo la tatu ni kuwapeleka wanafunzi wa fani zote katika kijiji kimoja kwa wakati mmoja, wakiwa katika vikundi vya mchanganyiko, kila kikundi kikifuatilia familia moja na kutoa taarifa moja. Wakufunzi waisahihishe taarifa hiyo kwa pamoja. Mahali ambapo hakuna alama, mwanafunzi hatii bidii. Kwa hiyo kazi ya pamoja ipewe alama.

Jambo la nne ni kumhesabu mwanakijiji kuwa mwalimu. Bibi aliyelea wajukuu kumi anajua kwa nini uji hupikwa mwepesi na kwa nini mama hapumziki. Mkufunzi asiyeketi kumsikiliza atafundisha ushauri usiotekelezeka.

Vikwazo havikosi. Ratiba za vyuo hazifanani. Mitaala hupangwa mbali. Wako watakaouliza kuhusu posho kabla ya kuuliza kuhusu ajenda, na wako wataalamu watakaoona kwamba kuketi na mtu wa fani nyingine kama mwanafunzi ni kujishusha. Huo ni umangimeza, nao lazima upigwe vita kwa vitendo, siyo kwa maneno. Mkutano wa saa mbili kwa mwezi hauhitaji mtaala mpya wala fungu la fedha. Unahitaji mkuu wa chuo anayemwandikia barua mkuu mwenzake, na mganga mkuu anayekubali kusema mbele ya wengine kwamba jambo fulani halijui.

Wapo pia watakaosema kwamba fani zikichanganywa hivi, kila moja itapoteza utaalamu wake. Hofu hiyo haina msingi. Hakuna anayetaka mwalimu atoe sindano wala mganga afungue shauri la malezi. Anayeijua vizuri mipaka ya fani yake ndiye hasa anayejua wakati wa kumwita mwenzake. Asiyeijua hung'ang'ania yote au huacha yote.

Mkulima wa Ufipa amelijua jambo hili katika udongo wake tangu zamani. Katika kilimo chake cha intumba, hukusanya majani na kuyafukia katika matuta ya mviringo, akaacha yaoze. Msimu unaofuata huyabomoa matuta na kuutandaza udongo ule uliopata nguvu, akapanda ulezi. Majani yakiachwa juu huchomwa moto, na udongo ukiachwa peke yake huchoka. Wazee hao hawakungoja mbolea kutoka nje. Walivichanganya vile walivyokuwa navyo, wakavipa muda.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, Sumbawanga inavyo vitu vya kuchanganya. Ina waganga, wauguzi, walimu na maafisa ustawi, na ina wazazi wanaofanya kazi kwa juhudi kubwa. Katika bonde lile, mtoto wa miezi 14 anaharisha tena leo na mama yake amembeba mgongoni kuelekea zahanati. Atakayempokea atamwona kwa kadiri alivyofundishwa kuona. Miaka 5 ijayo zahanati hiyo itakuwa na mtumishi mwingine, ambaye sasa yuko darasani. Wakufunzi wake waanze mwezi huu kuketi pamoja, kwa maana mkono mmoja haulei mwana.